Vesta kwenye darubini: nitaitambuaje katikati ya nyota?

Kilimia: Wakuu, natumia darubini ya macho mawili ya 10x50. Naelekeza pale ramani inaponionyesha, naona nukta zinazofanana tu. Vesta, ile asteroidi (mwamba mkubwa unaozunguka Jua), ni ipi?

Fundi_Anga: Mkuu, kwa sura hutaitofautisha. Vesta ina upana wa kilomita 525 hivi, ila kwa umbali ule hubaki nukta. Kinachoiumbua ni mwendo. Chora nyota zote zilizomo kwenye duara la darubini, andika saa, kisha rudia kesho yake. Inapokuwa mkabala na Jua (Dunia ikiwa katikati yao), husogea takriban robo ya digrii kwa siku, yaani nusu ya upana wa Mwezi. Nukta iliyohama ndiyo yenyewe.

Mng'aro: Funga darubini kwenye tripodi. Mikono ikitikisika, nyota hafifu zinapotea na mchoro haulinganishiki tena. Usiku wa mbalamwezi kali achana nao.

Kilimia: Na asteroidi Ceres je?

Fundi_Anga: Njia ni hiyohiyo. Ceres ni kubwa zaidi, kilomita 940 hivi, lakini uso wake ni mweusi na huakisi mwanga kidogo, tena iko mbali zaidi, ndiyo maana Vesta huishinda kwa kung'aa. Anza na Vesta.