Magari mepesi ya michezo yanaporomoka bei: niuze sasa au nisubiri?

Usukani_Wazi

Wakuu, habari za saa hizi. Nina Lotus Elise 111R ya 2005, ile yenye injini ya Toyota 2ZZ, kilomita 78,000. Rekodi za sevisi zipo isipokuwa pengo la miaka miwili katikati. Imefungwa ekzosi isiyo ya kiwandani, shokapu za kurekebisha kimo na rimu nyepesi. Vifaa vya asili vyote viko stoo.

Nimeitangaza, lakini kila anayekuja anataka nipunguze karibu asilimia 20. Nikiangalia matangazo ya Elise, Mazda MX-5 na hata Alpine A110, bei zinateremka mwezi hadi mwezi. Naomba msaada kwa haya: kushuka huku kunatokana na nini hasa? Nirudishe vifaa vya asili kabla ya kuuza? Na rejeta imeanza kuchuruzika kidogo upande mmoja. Nitengeneze, au nipunguze bei mnunuzi amalizane nayo mwenyewe?

Karani_wa_Bei

Mkuu, usichanganye bei ya tangazo na bei ya mauzo. Magari mazuri huondoka sokoni haraka, yanayobaki kwenye matangazo ni yale yaliyokataliwa. Kwa hiyo ukipiga wastani wa matangazo yaliyopo leo, unapima mabaki. Fanya hivi: chukua matangazo 15 hadi 20 ya Elise zenye injini kama yako, andika kilomita, mwaka, bei na tarehe ya kutangazwa, kisha yapitie kila wiki. Tangazo lililoondoka ndani ya wiki tatu bila bei kuguswa ndilo linalokusogeza karibu na bei halisi. Lililokaa miezi mitatu na kushushwa mara mbili linakuonyesha bei ambayo soko limeikataa.

Sasa sababu. Kati ya 2020 na 2022 viwanda vilikosa chipu, magari mapya yakachelewa, na riba ilikuwa chini mno. Watu wakahamia kwenye magari yaliyotumika na kuyapandisha kupita kawaida. Kisha riba ikageuka. Uingereza, nyumbani kwa watengenezaji wa magari mepesi kama Lotus na Caterham, benki kuu ilikuwa na riba ya asilimia 0.1 hadi Desemba 2021, na kufika Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.25. Aliyekuwa anamudu gari la kujifurahisha kwa mkopo akatoka sokoni.

Gari la viti viwili lisilo na buti ya maana huwa gari la pili au la tatu nyumbani. Pesa ikibana, ndilo la kwanza kuuzwa na la mwisho kununuliwa. Wauzaji wanaongezeka wakati uleule wanunuzi wanapungua, ndiyo maana linashuka kwa kasi kuliko gari la familia. Halafu soko lenyewe ni jembamba. MX-5 ilivuka magari milioni moja mwaka 2016, lakini Elise zote za 1996 hadi 2021 ni zaidi kidogo ya 35,000. Kwenye soko dogo namna hiyo, wauzaji watatu wenye haraka wanatosha kuvuruga bei ya toleo zima.

A110 iweke pembeni kabisa. Hiyo ilianza kuuzwa 2017, bado inapita kwenye mteremko wa kawaida wa gari changa. Elise ya 2005 ilishamaliza mteremko huo zamani; inachopoteza sasa ni ule unene wa bei wa 2021 na 2022. Na haina mrithi wa uzito wake: Lotus Emira iliyoifuata ina takriban kilo 1,400, wakati Elise ya kwanza ilikuwa na kilo 725 hivi. Kwa maoni yangu hilo linazipa Elise safi sakafu ya bei. Zile za kati, zenye maswali, bado zina nafasi ya kushuka.

Fundi_Nati

Nijibu la rejeta. Tengeneza kabla ya kuonyesha gari, bila kujadiliana na nafsi. Mnunuzi akiona unyevu wa kulanti (maji ya kupozea injini) hafikirii bei ya rejeta. Anafikiria injini iliyochemka, hedi (kichwa cha injini) iliyopinda, na anakata kwa hesabu ya balaa kubwa kabisa. Hizo asilimia 20 zako sehemu kubwa ni hapo.

Rejeta ya asili ya Elise hizi ina kiini cha alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa pembeni. Joto linapopanda na kushuka miaka mingi, mpira wa kati unakufa na kulanti inatoka kwenye mshono, kwanza kwa matone yanayokauka na kuacha alama nyeupe au ya rangi ya kulanti. Gundi haisaidii. Weka ya alumini tupu. Kazi yenyewe ni ndefu kwa sababu ganda la mbele la fiberi lazima litoke, kwa hiyo ukishafungua, badilisha na mipira ya kulanti iliyo pale mbele, klipu zake, na zungusha feni kwa mkono usikilize beringi. Usirudi kufungua tena baada ya mwaka.

Wakati wa kujaza kuwa mvumilivu. Injini iko nyuma, rejeta iko mbele, mabomba yanapita kwenye vizingiti vya pembeni, chini ya milango, hivyo hewa hunasa kirahisi. Hita iwe wazi, toa hewa mpaka kulanti itoke bila mapovu, endesha, acha gari lipoe kabisa, kisha angalia kiwango upya. Watu wengi wanaruka hatua hiyo ya kupoa, halafu geji ya joto inapanda mnunuzi akiwa ndani ya gari.

Hayo mengine atakayoangalia mtu anayeijua Elise, uyamalize kwa karatasi mkononi:

Tairodi za nyuma, zile fimbo zinazoshika mwelekeo wa gurudumu. Boljointi za ndani huchoka, hasa gari likitembea na tairi zenye mshiko mkali, na ikikatika gurudumu la nyuma linageuka lenyewe. Kama risiti ya kubadilisha haipo, inua gari, shika gurudumu saa tatu na saa tisa, litikise. Mchezo wowote, badilisha pande zote mbili kisha gari lipimwe alaimenti na uipate ile karatasi ya vipimo.

Chesisi. Ni vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi ya epoksi. Ikipinda hainyooshwi wala kuchomelewa kama ya chuma, hubadilishwa nzima. Ndiyo sababu ajali ndogo ya mbele inaogopwa kuliko kilomita nyingi. Ondoa bamba za chini, safisha, piga picha za mwanga mzuri kuanzia mbele hadi nyuma, na pale mikono ya sasipensheni inapofungwa. Chuma kikikutana na alumini penye chumvi na maji, alumini ndiyo inayoliwa, kwa hiyo picha za kona hizo zina thamani.

Injini. 2ZZ hubadilisha kamu (shafti inayofungua vali) karibu na mizunguko 6,200 kwa dakika. Oili ikiwa imepata joto, kanyaga ukiwa gia ya tatu: mlio ubadilike na mvuto uongezeke palepale. Kama haifanyi, ni kamu iliyolika, au kichujio na solenoidi (vali ya umeme) ya mfumo huo. Kisha kuna kitu wauzaji wengi hawakijui: kompyuta ya injini huhifadhi mizunguko ya juu kabisa iliyowahi kufikiwa. Mnunuzi makini atakuja na kifaa cha kuisoma. Anatafuta namba iliyopita kikomo kwa mbali, maana hiyo ni ishara ya mtu aliyeteremsha gia isiyo sahihi, na pampu ya oili ya injini hii haipendi hilo hata kidogo. Isome wewe kwanza uchapishe. Ongeza kipimo cha uvujaji wa hewa kwenye silinda. Zote nne zikiwa chini ya asilimia 10 na zikikaribiana, ambatanisha.

Pengo lako la miaka miwili huwezi kulifuta, ila vipimo vya leo vinapunguza uzito wake.

tairi_nne

Kuhusu vifaa: rudisha ekzosi na shokapu za asili, rimu nyepesi zitoe uziuze peke yake. Mnunuzi halipii vifaa vya ziada, na shokapu za kurekebisha kimo zinamfanya adhani gari lilikuwa la kukimbizwa kwenye sakiti. Ukiuza kando unapata kitu, pengine theluthi au nusu ya ulichonunulia kama hali ni nzuri na skrubu zake zote zipo. Ukiviacha ndani ya gari unapata karibu sifuri.

Kabla ya kufunga shokapu za asili, zikague. Zilizokaa stoo miaka zikiwa zimelazwa zinaweza kuvuja sili zikianza kazi. Zikivuja, bora ubaki na hizi ulizonazo, uzirudishe kwenye kimo cha kiwanda na uandike hivyo kwenye tangazo. Na kila ukigusa kimo, alaimenti ifanyike tena.

Tairi nazo. Soma tarakimu nne za mwisho pembeni: 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Tairi yenye kashata nzuri lakini imezeeka inahesabiwa kuwa imekwisha, na kwenye gari jepesi huzeeka kabla ya kulika.

Usukani_Wazi

Asanteni sana wakuu, mmenifungua. Rejeta nimeikubali. Swali la mwisho: nikishauza nafikiria MX-5 ya kizazi cha nne, ND, nikiamini haitanipotezea pesa. Niko sawa?

Karani_wa_Bei

Piga hesabu kabla ya kuamini. Chukua kila gari kuwa 100 siku ya kununua. MX-5 mpya ikipoteza, tuseme, 18 kwa mia mwaka wa kwanza na 10 kwa mia kila mwaka kwa miwili inayofuata, baada ya miaka mitatu unabaki na 66. Elise safi ikipoteza 4 kwa mia kila mwaka, unabaki na 88. Ongeza kwenye kila upande bima, matengenezo, na riba ya mkopo au ile ambayo pesa yako ingezaa ikiwa benki. Ukilinganisha hivyo, MX-5 mpya haishindi kirahisi. Ya miaka minne au mitano ndiyo yenye hoja, maana mteremko mkali kaulipia mwingine.

Ila bei yake kamili ni ndogo kuliko ya Elise, kwa hiyo asilimia kubwa inaweza kuwa pesa kidogo. Linganisha pesa, asilimia peke yake inapotosha.

Fundi_Nati

Kwa ND ya lita 2.0, tafuta ya 2019 kuendelea. Hapo injini ilipanda hadi nguvu farasi 181 na kikomo cha mizunguko kikatoka 6,800 hadi 7,500. Zile za mwanzo zina historia ya giabaksi kufa, gia ya pili hasa, na kiwanda kilirekebisha zaidi ya mara moja. Ukijaribu, ingiza ya pili gari likiwa baridi na tena likipata moto, sikiliza ukwaruzo. Muulize muuzaji kama giabaksi ilishabadilishwa, na risiti ya tarehe gani.

Ukishawishika na za zamani, NA au NB (vizazi viwili vya kwanza vya MX-5), kwanza mimina maji kwenye matundu ya kutolea maji nyuma ya viti. Yasipotoka chini mara moja, matundu yameziba na vizingiti vinaoza kwa ndani, hata kama rangi ya nje inang'aa. NB iangalie na reli za chesisi za mbele: bonyeza kwa bisibisi butu.

tairi_nne

Na kama uko nchi yenye baridi kali, ziweke tarehe kinyume: Elise itangaze majira ya kuchipua, MX-5 inunue mwanzoni mwa baridi. Rejeta ifungwe sasa, gari litembee kilomita mia mbili tatu hivi kabla ya mnunuzi wa kwanza, kama kuna klipu iliyolegea ijulikane mapema.