Kabbala bila Torati: mlango uachwe wazi au ufungwe?

Mleta mada: Wakuu, msimamo wangu nautaja mapema ili tusizungushane. Kabbala, elimu ya batini ya Kiyahudi, imegeuzwa dawa ya msongo wa mawazo. Kabbalah Centre ya Los Angeles, iliyovuma dunia nzima kupitia Madonna, imeuza nyuzi nyekundu za mkononi na maji ya chupa, na mwanafunzi halazimiki kuwa Myahudi wala kushika Sabato. Kwangu hilo ni ganda tu: Kabbala bila Torati na amri zake haina kiini, na mlango wake uwe na masharti, kama zamani.

Zohari, kitabu chake kikuu, kilijitokeza Castilia, Hispania, mwishoni mwa karne ya 13, nacho kimepangwa kama ufafanuzi wa Torati. Isaac Luria, aliyefundisha Safed, mji wa Galilaya, kuanzia 1570 hadi alipofariki 1572, alisema Mungu alijibana ili ulimwengu upate nafasi. Vyombo vilivyobeba nuru vikavunjika, cheche zikatawanyika. Kuzirudisha ni kazi ya mwanadamu, na njia ya kazi hiyo ni sala na kushika amri za Torati, hata baraka inayosomwa kabla ya kula. Leo Wayahudi wengi wa kiliberali Marekani wakisema tikuni olamu, yaani kuutengeneza ulimwengu, wanakusudia haki za maskini na mazingira. Jambo jema kabisa, ila Luria hakuwa na hilo akilini.

Wala marabi walioweka masharti ya kuisoma Kabbala hawakuufunga mlango kwa uchoyo. Mwaka 1665 Sabbatai Zevi wa Izmir alitangazwa Masihi, Nathan wa Gaza akimnadi kwa mafundisho ya Luria. Watu wakafunga saumu, wakauza mali zao wakisubiri safari ya kurudi Nchi Takatifu. Mwaka uliofuata, mbele ya Sultani wa Kiosmani, Masihi huyo akasilimu! Miaka 90 baadaye bado kulikuwa na makundi ya siri yaliyofuata nyayo zake, la Jacob Frank wa Poland likiwemo, ndipo marabi waliokutana Brody, mji wa Poland ya wakati huo, mwaka 1756 wakaamua: Zohari baada ya umri wa miaka 30, maandishi ya Luria baada ya 40.

Mpitanjia: Mkuu, umeruka kipande. Zohari ilichapwa Mantua na Cremona, Italia, kati ya 1558 na 1560, marabi wakiwa wamegawanyika. Kitabu kikishaingia sokoni, mlango gani unabaki? Tena Yehuda Ashlag, aliyefariki 1954, aliitafsiri kwa Kiebrania na kuifafanua kusudi wengi waisome. Naye alikuwa rabi mshika amri. Waliofungua ni wenye nyumba wenyewe.

Bint Athumani: Waungwana, sisi tuliolelewa kwenye zawiya hoja ya mleta mada hatuioni ngeni, maana uradi unapewa kwa ijaza, yaani idhini, ya sheikh. Na ujirani huo ni wa zamani: Abraham, mwana wa mwanafalsafa Maimonides na kiongozi wa Wayahudi wa Misri aliyefariki 1237, aliwasifu masufi waziwazi na kuiga baadhi ya desturi zao.

Lakini nina swali. Gershom Scholem, mzaliwa wa Berlin 1897, hakuwa mshika amri. Alihamia Jerusalem 1923, akatumia maisha yake kuyachambua maandishi haya ambayo mwanahistoria Heinrich Graetz aliyadharau kama upotofu. Naye tuseme ameshika ganda tu? Mimi nasema anayetafiti hahitaji ijaza. Anayetaka kuongoza roho za watu ndiye wa kuulizwa ameipata wapi.

Mbishi: Mnahangaika na uzi mwekundu wa mkononi! Uzi haujamnyang'anya mtu shamba. Rabi Abraham Isaac Kook, aliyefariki 1935, aliona cheche za uungu hata kwa walowezi wa Kizayuni wasioswali. Mwanawe Zvi Yehuda akaishusha fikra hiyo kwenye ramani, na wanafunzi wake wakawa mstari wa mbele kuunda harakati ya Gush Emunim mwaka 1974, kujenga makazi ya Wayahudi katika ardhi iliyotekwa na Israeli katika vita vya 1967. Hao wanashika Sabato, Talmudi, mkusanyo mkuu wa sheria za marabi, wameisoma tangu utotoni. Sharti lako lipi lingewazuia, mleta mada?

Mleta mada: Swali zito. Umri peke yake usingewazuia, nakubali. Ila tazama wanaobaki ndani ya mapokeo: wana wa kuwajibu. Gaoni wa Vilna, bingwa wa Kabbala mwenyewe, aliunga mkono kutengwa kwa Mahasidi, kundi jipya la kiroho la Kiyahudi, mwaka 1772, na mabishano yakaenda kitabu kwa kitabu. Joel Teitelbaum, rabi wa Satmar, tawi mojawapo la Mahasidi, aliwapinga Wazayuni kwa Talmudi ileile wanayoisoma. Aliyenunua uzi atapingwa na nani, kwa kitabu gani? Akiambiwa amekosea, atabadilisha mwalimu kesho asubuhi.

Bint Athumani: Na mwenye ijaza naye huwa hakosei? Mashehe tunawajua, ndugu yangu.

Mbishi: Teitelbaum aliandika, tena kwa ukali, na makazi yakaendelea kujengwa. Kwa hiyo mapokeo yako yanatoa upinzani, hayatoi breki. Nijibu hilo kabla hatujarudi kwa Madonna.