Mjadala: Mbio za robo maili, madaraja yapangwe kwa karatasi ya daino au kwa kasi ya mstarini?

Mwanzisha mada, Mombasa

Wakuu, salaam. Kwenye kikundi chetu cha magari limeletwa pendekezo kwamba siku ya mbio za mita 402 kila mtu aje na karatasi ya daino, ile mashine ya kupima nguvu za gari, tupangwe kwa nguvu za farasi: chini ya 200 huku, 200 hadi 300 kule. Mimi napinga, na ushahidi wangu ni Subaru ya rafiki yangu.

Ina turbo, imetyuniwa Nairobi, na karatasi inasema farasi 250 kwenye magurudumu. Karatasi yenyewe kaiwekea plastiki, inakaa kwenye dashibodi kama leseni. Tulilipima gari na yeye ndani: kilo 1,450. Huko huko Nairobi akakimbia mara mbili. Ya kwanza magurudumu yaliteleza, sekunde 14.4, akavuka mstari kwa kilomita 159 kwa saa. Ya pili akaiachia klachi kwa adabu, sekunde 13.9. Kasi? 159 tena.

Muda umeshuka nusu sekunde na kasi haikutikisika. Mita kumi za kuteleza zinakula saa vibaya sana, maana hapo mwanzo gari linatambaa. Lakini katika mita 402 za kukusanya mwendo, kumi ni kitu gani? Ndiyo maana nasema muda ni wa dereva na tairi, kasi ya mwisho ni ya injini.

Nikapiga hesabu wanayoitumia sana Wamarekani: gawanya farasi wa injini kwa kilo za gari, tafuta kipeuo cha tatu, zidisha kwa 289, unapata kilomita kwa saa. Farasi 250 wa magurudumuni ni kama 294 kwenye injini, tukikadiria asilimia 15 inaliwa na giaboksi na difu. Alitakiwa avuke kwa 170. Hiyo 159 yake ni ya injini ya farasi 240 hivi, yaani 205 magurudumuni. Hao 45 wamelala wapi?

Mchangiaji, Nairobi

Hawajalala, wamo kwenye kompyuta ya daino. Gawanya 250 kwa 1.22 uone.

Mimi nashinda na hizo mashine. Huku tuko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, shinikizo liko kama kilopaskali 83. Kanuni ya SAE J1349, ya chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, inasahihisha matokeo yaonekane kama gari limepimwa kwenye nyuzi 25 na kilopaskali 99 za hewa kavu, hali ambayo haiko mbali na yenu ya pwani. Kwa hewa ya Nairobi inazidisha kwa 1.2 na ushee. Injini isiyo na turbo inastahili kabisa, ukiiteremsha Mombasa hizo nguvu utazikuta. Ya turbo inajisukumia hewa yenyewe, kwa hiyo haipotezi kiasi hicho, na mashine inampa mwenye gari zawadi ambayo hakuiomba. Rafiki yako akishuka pwani atapata farasi wachache zaidi. Si 45.

Ila usiitukane daino. Gari lile lile, mashine ile ile, kabla na baada ya kubadilisha eksozi: hapo hakuna kipimo bora. Mwambie tu fundi achape na karatasi isiyosahihishwa. Kitufe kipo.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Farasi wa karatasi hawajaanza leo. Chrysler walikuwa wanaiuza injini yao ya Hemi ya inchi za ujazo 426 kwa farasi 425, injini ikiwa imepimwa uchi, bila chujio la hewa wala eksozi ya gari. Marekani ilipohamia kwenye kipimo cha injini iliyovaa kila kitu chake, mwanzoni mwa miaka ya 1970, injini ile ile ikaandikwa 350. Wajapani wao walidanganya kinyume. Walikubaliana wasitangaze zaidi ya 280, na hilo likadumu mpaka 2004. Nissan Skyline GT-R ilikuwa inatoka imeandikwa 280, ikifika mstarini inaonyesha zaidi.

Halafu kuna hicho kipeuo cha tatu ambacho watu wanakipita haraka. Ongeza nguvu kwa asilimia 10, muda unapungua asilimia 3 tu. Huyo wa 13.9 atafika 13.5. Nusu sekunde aliyoipata kwa mguu wa kushoto haikumgharimu hata shilingi, na bado mtaona anakwenda kununua turbo kubwa na tairi zile zile za kipara.

Mchangiaji mwingine, Nairobi

Mnapendeza kwa hesabu, lakini kasi nayo inachezewa. Nataka daraja la chini, nafanya nini? Nikikaribia mstari nainua mguu. Slipu, ile karatasi ya matokeo ya mbio, inasema 140, napangwa na watoto, siku ya fainali nawameza. Na upepo wa mbele je?

Kuna mbio Marekani ambazo farasi hawaulizwi kabisa. Kila dereva anataja muda wake mwenyewe kabla, mwenye gari la polepole anatangulizwa kwa tofauti hiyo, na ukikimbia chini ya muda uliotaja, umejifukuza mwenyewe. Dereva wa gari la sekunde 16 anamfunga wa 11 pale pale mbele za watu.

Mwanzisha mada, Mombasa

La kuinua mguu sikuliwaza, nakiri. Ila slipu huandika kasi ya katikati pia, mita 201. Gari lililofika nusu ya njia na 128 kisha likamaliza na 140, mwizi anaonekana. Hayo ya kutaja muda nitayapeleka kikundini, ingawa najua wenye karatasi watapiga kelele. Mtu kalipia chati yake, anataka isomwe.

Mchangiaji, Nairobi

Swali la mwisho, kabla sijaamini hizo 240. Kilo 1,450 mlipimia wapi?

Mwanzisha mada, Mombasa

Mizani ya malori. Inaruka kilo 20 kwa 20. Tangi nusu, tairi la akiba lilibaki nyumbani.