Ziara ya jioni Kampala: wageni tisa, usiku mmoja. Nikosoeni ratiba

MwenyejiKireka
Jumatano, saa 3:12 usiku

Salaam wadau. Napokea wageni tisa kutoka Tanga na Mwanza. Wanalala Nakasero usiku wa Jumamosi tu, asubuhi yake wanaondoka. Wawili ni wazee waliopita miaka sitini, mmoja magoti yake si ya kuaminika. Wanne ni Waislamu, pombe hawagusi. Vijana watatu wanachotaka ni kuiona Kampala usiku, basi. Nimepanga hivi:

Saa 11 jioni Makaburi ya Kasubi. Saa 12 msikiti wa Old Kampala, tupande mnara tuone jua likizama. Saa 1 picha Bungeni na kwenye Sanamu ya Uhuru. Saa 2 ngoma Ndere. Saa 4 klabu Kabalagala. Saa 6 hotelini.

Gari ni kamunye (basi dogo la abiria) moja yenye dereva, na natafuta muongoza watalii mwenye leseni. Kosoeni bila huruma, bado siku tatu.

---

KaloliMzee
Jumatano, saa 3:50 usiku

Ssebo, vituo ni vizuri, ila umevipanga kana kwamba Kampala ina jua la saa 2 usiku. Hapa jua linazama kati ya saa 12:35 na saa 1:05, mwaka mzima. Tena tuko jirani na ikweta, halichelewi: likishagusa kilima, dakika ishirini na kitu tu ni giza. Kwa hiyo kila kinachotaka macho kiwekwe kabla ya hapo, na kinachotaka masikio na tumbo kije baadaye.

Kasubi ondoa. Ni mahali pa mchana, na panataka utulivu: kuvua viatu, kinamama kujifunga kanga au gomesi, kumsikiliza mwenyeji akieleza habari za Kabaka (wafalme wa Buganda) wanne waliozikwa pale. Nyumba kubwa ya nyasi iliungua Machi 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuipitia mbio saa 11 jioni ni kuivunjia heshima.

Mnara wa msikiti usiuwekee hesabu ya machweo. Magharibi inaadhiniwa jua linapozama tu, na wakati huo msikiti ni wa wenye kuswali, si wa watalii. Fikeni saa 9 alasiri. Ngazi ni zaidi ya mia tatu, za kuzunguka, hakuna lifti. Mtu wa kawaida apewe dakika ishirini za kupanda na kupumzika njiani. Mwenye magoti abaki chini. Ndani kwenyewe kuna mengi ya kuona, zulia, taa na lile kuba. Kinamama hupewa pale mlangoni mtandio na kitambaa cha kujifunga kama nguo haijatosha. Mkishuka karibu saa 10 na dakika kumi itakuwa Alasiri, wale wanne wanaswali hapo hapo.

Halafu msirudi mjini. Vukeni kwenda Mengo, kilima cha jirani. Barabara ya Kabaka Anjagala kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, hadi lango la Lubiri, ikulu ya Kabaka, ni kama kilomita moja na nusu, imenyooka kama uzi, pembeni kuna alama za koo za Baganda, na mwongozaji mzuri ataulizwa maswali mpaka akauke koo. Katikati kuna mzunguko, na ndani ya mzunguko kuna njia iliyofungwa kwa geti. Magari yote huzunguka. Anayepita katikati moja kwa moja ni Kabaka peke yake. Wageni hukipenda kitu hicho kuliko majengo makubwa.

Machweo yatazameni Namirembe, kwenye uwanja wa kanisa kuu. Mfike saa 12 kasorobo. Namirembe iko magharibi ya mji, kwa hiyo jua mnalipa mgongo na linaipiga Kampala yote usoni: Nakasero, Kololo, vioo vya maghorofa vinawaka rangi ya chungwa, kisha taa zinaanza moja moja. Anayetaka jua lenyewe likizama nyuma ya msikiti, hiyo ni upande wa pili, Kololo. Kanisa hilo la matofali lilijengwa kati ya 1915 na 1919, baada ya lililotangulia kuunguzwa na radi mwaka 1910. Jumamosi kuna harusi, kwa hiyo msiegeshe mbele ya mlango.

Kutoka Namirembe hadi Old Kampala ni karibu, wale wanne wataiwahi Magharibi. Wakiwa wanaunganisha na Isha kwa ajili ya safari, usiku wote uliobaki ni wenu.

Ndere kwa Jumamosi mimi ningeacha. Siku yao kubwa ya onyesho ni Jumapili jioni kuanzia saa 12, na linachukua saa tatu nzima. Ukiingia saa 2 umekosa saa mbili kati ya hizo tatu. Wageni wangelala hadi Jumapili ningekwambia futa mengine yote, mwende mkaone mitungi ikirundikwa mmoja juu ya mwingine kichwani mwa mchezaji ambaye kiuno chake hakisimami.

---

Stelingi_Kulia
Jumatano, saa 4:31 usiku

Mzee amemaliza ya vilima, mimi niongeze ya barabarani.

Jumamosi jioni usithubutu kupita Namirembe Road upande wa stendi za takisi. Watu wanatoka masoko ya Owino na Kikuubo na mizigo kichwani, kamunye zinaita abiria katikati ya njia, na mita mia tatu zinaweza kula nusu saa. Gari likitokea Nakasero lipite Wandegeya, Makerere Hill, lishuke Nakulabye, ndipo lipande Namirembe kwa nyuma. Ni mbali zaidi kwa ramani na karibu zaidi kwa saa.

Kamunye inaruhusiwa abiria 14. Mkiwa tisa na mwongozaji mnakaa vizuri, lakini kagua mambo matatu kabla ya kulipa malipo ya awali: mikanda ya viti vya nyuma (mara nyingi imefichwa chini ya kitambaa cha kiti), taa ya ndani, na kama madirisha yanafungika. La mwisho si la baridi. Wezi wa simu huvizia gari lililosimama kwenye taa, mkono unaingia dirishani na kutoka kabla hujageuka. Gari likisimama, kioo juu na simu chini.

Dereva asionje hata chupa moja. Wikendi usiku kuna kawunyemu, polisi wanapulizisha madereva. Dereva akikutwa amelewa, wageni wako watashushwa kando ya barabara saa 7 usiku na ziara imeishia hapo. Mkubaliane saa ya kumaliza na malipo ya kila saa ya ziada, kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha. Ugomvi mwingi wa saa 8 usiku unatokana na neno "mpaka tumalize".

Na Bungeni hakuna picha. Si Bungeni tu: askari yeyote, kituo cha polisi, na Ikulu ndogo pale Nakasero. Akikusimamisha afande, salamu kwanza, kwa Kiswahili, mwonyeshe simu, futa picha kama anataka. Kiswahili cha Tanga kitawasaidia hapo kuliko Kiingereza.

---

NnyaboWaBugolobi
Jumatano, saa 5:08 usiku

Mwenyeji, klabu saa 4 hadi saa 6 ni kuwapeleka vijana wakatazame watu wakipanga viti. Kampala klabu hazijai kabla ya saa 5 usiku, na wenyewe wenye mji huingia saa 6. Mkitoka saa 6 mtakuwa mmelipia kiingilio cha ukumbi mtupu.

Ligawe kundi. Wazee na wasiotaka makelele warudi hotelini kama saa 3 na nusu. Waliobaki waanzie mahali penye bendi, Kisementi kule Kololo au Bandali Rise hapa Bugolobi, wakae hadi saa 5, ndipo waende kucheza. Kabalagala inachangamka, sikatai, ila kwa mgeni wa usiku mmoja ni kelele tatu zikishindana kutoka baa tatu zilizopakana, na wauzaji na wasumbufu hawaishi mlangoni. Kisementi mnatembea kwa miguu kutoka baa hadi baa.

Mlangoni mtakaguliwa mifuko na mwili kwa mashine. Tangu mabomu ya Julai 11, 2010 jambo hili halina mzaha. Msibebe visu vya kukunja wala chupa zenu. Kitambulisho halisi, si picha ya kitambulisho. Vijana wasivae ndala wala kaptura, kuna milango watarudishwa.

Ndani: bia ifunguliwe mbele yako. Nile Special ni chupa ya nusu lita na kilevi chake ni 5.6, mtu aliyezoea bia nyepesi ahesabu upya. Glasi uliyoiacha mezani ukaenda kucheza, ukirudi usiinywe, agiza nyingine. Lipeni kila mzunguko papo hapo. Bili iliyoachwa ikue mpaka mwisho huota chupa ambazo hakuna aliyezinywa.

---

Stelingi_Kulia
Jumatano, saa 5:20 usiku

Nnyabo, Kabalagala unaionea. Ukitaka kuona Kampala isiyolala, ile ya muchomo (nyama choma) saa 9 usiku na watu wa kila taifa, ni kule. Kisementi ni pazuri lakini vijana wa Mwanza wameshaona pa namna hiyo kwao Mwanza.

---

NnyaboWaBugolobi
Jumatano, saa 5:26 usiku

Basi wapite saa 7 wakielekea kulala, kwa gari, vioo juu kama ulivyosema.

---

SigiriMoto
Alhamisi, saa 1:40 asubuhi

Hakuna aliyesema watu tisa watakula nini.

Wandegeya, kati ya saa 2 na saa 3 usiku. Rolex (chapati iliyokunjwa na yai) ndiyo yenyewe, lakini sigiri (jiko la mkaa) moja yenye bamba moja hutoa rolex moja kila dakika nne au tano. Tisa ni zaidi ya nusu saa, na ya kwanza itakuwa imepoa ya mwisho ikitoka. Gawanyeni oda kwa vibanda vitatu.

Simameni muangalie, maana hapo ndipo nzuri na mbaya zinapotengana. Mayai mawili yanavunjwa kwenye kikombe cha plastiki, kitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba, chumvi, linapigwa kwa uma mpaka povu. Mafuta kidogo, yai linamwagwa na kutandazwa kwa ukubwa wa chapati. Chapati iwekwe juu yai likiwa bado bichi upande wa juu, ndivyo vinavyoshikana. Mpishi akichelewa mpaka yai limekauka, ukikunja chapati inakwenda kwake na yai kwake, na nyanya zote mapajani. Kisha inageuzwa, nyanya mbichi vipande vichache katikati, inakunjwa. Omba karatasi, usikubali kaveera: mvuke ukifungiwa kwenye plastiki chapati inalegea kama kitambaa cha kudekia.

Kwa wageni wa Kiislamu: Wandegeya kitimoto kinachomwa pia, wakati mwingine mita mbili kutoka kwenye mishikaki ya mbuzi. Msiulize "hii ni nyama gani" tu. Ulizeni nani amechinja, na kama bamba na kisu ni vyake peke yake. Asiye na uhakika ale gonja (ndizi) ya kuchoma na kuku kutoka duka la Mwislamu, yapo mengi.

Wakitajiwa kabalagala mezani wasishtuke, si mtaa. Ni vitumbua bapa vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, vitamu kwa chai.

Mbebe noti za elfu moja, mbili na tano. Kibandani noti ya elfu hamsini ni mzigo, muuzaji atazunguka vibanda vyote kutafuta chenji na yai linaungua. Fedha ya Tanzania ibadilishwe mchana.

---

MwenyejiKireka
Alhamisi, saa 2:15 asubuhi

Webale nnyo wote. Nimepanga upya: saa 8 Sanamu ya Uhuru kwa miguu kutoka hotelini, saa 9 msikiti, saa 10 na nusu Mengo, saa 12 kasorobo Namirembe, Magharibi Old Kampala, saa 2 Wandegeya, saa 3 na nusu kundi linagawanyika. Klabu saa 5, kulala saa 8.

Mawili yamebaki. Mvua ikinyesha? Na vijana wanataka boda, si gari, kwa kipande cha mwisho.

---

KaloliMzee
Alhamisi, saa 2:47 asubuhi

Sanamu saa 8 ni sawa, jua la juu linaonyesha vizuri ile mikanda iliyomzunguka mama na mtoto aliyeinuliwa, mikono juu. Ni kazi ya Gregory Maloba, ya 1962. Mwongozaji aieleze wakiwa wamesimama kivulini.

Mvua ya Kampala humwagika kwa fujo kisha hukatika. Ikianza mkiwa Mengo, subirini Bulange, msishuke mjini: maji ya vilima vyote yanakimbilia mfereji wa Nakivubo, na Clock Tower hugeuka bwawa. Saa moja baadaye njia inapitika. Kila mtu abebe sweta. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na watu wa Tanga husahau hilo mpaka saa 3 usiku.

---

Stelingi_Kulia
Alhamisi, saa 3:02 asubuhi

Boda waite kwa programu ya simu, si anayewapungia mlangoni mwa klabu. Namba ya pikipiki ifanane na iliyo kwenye simu, kinyume chake msipande. Abiria mmoja kwa boda, kofia ngumu ifungwe mpaka chini ya kidevu. Kofia inayocheza kichwani haina kazi. Mkoba uwe tumboni, kati yako na dereva. Na wapande kutokea kushoto: bomba la moshi liko kulia, na saa 8 usiku, gizani, kigimbi cha mgeni hulikuta kabla ya macho.