Narudi kazini mtoto ana miezi mitatu: maziwa, mlezi na huyu wa PP1 (chekechea) nipange vipi?

mama_lanet

Hamjambo wadau. Likizo ya uzazi inaisha mwisho wa mwezi huu. Mtoto ananyonya tu, hajaonja kitu kingine, na ningependa afike miezi sita hivyo hivyo. Kazi ni ya kiwandani hapa Nakuru. Natoka nyumbani Lanet saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Kazini hakuna friji ya wafanyakazi. Kuna vyoo na chumba cha kubadilishia nguo, basi. Nyumbani kuna friji ndogo ya mlango mmoja. Kaka yake ana miaka minne, yuko PP1, hutoka shule saa sita na nusu mchana.

Nitaachaje maziwa ya kutosha? Mlezi awe msaidizi wa nyumbani au deikea iliyo karibu na kiwanda? Mama mkwe anasema nianze uji mwepesi ili mtoto "azoee". Na mtoto akishinda na mtu mwingine mchana kutwa, atanizoea kweli? Naomba majibu ya vitendo. Mahubiri ya mama kukaa nyumbani nimeshiba.

kliniki_ya_watoto

Tuanze na hesabu. Kati ya mwezi mmoja na sita, mtoto anayenyonya tu hunywa wastani wa mililita 25 hadi 35 kwa kila saa anayokaa bila mama. Wewe hauko kwa saa kumi na nusu, kwa hiyo ni kama mililita 300 hadi 350. Igawe katika vichupa vinne vya mililita 80 au 90. Usiweke chupa moja kubwa: kilichobaki baada ya mtoto kutia mdomo kinatakiwa kitumike ndani ya saa mbili au kimwagwe, na hakuna kinachouma kama kumwaga mililita 150 ulizokamua kwa jasho.

Anza kukamua sasa, usingoje wiki ya mwisho. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya mtoto kunyonya mara ya kwanza, maana ndipo maziwa huwa mengi. Siku za mwanzo utapata vijiko vichache tu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani maziwa yamekauka. Hayajakauka. Titi hutengeneza kulingana na linavyotolewa, na huchukua siku kadhaa kuelewa kwamba sasa kuna mteja wa pili.

Kama huna pampu, mikono inatosha. Nawa kwa sabuni. Weka kidole gumba upande wa juu wa titi na cha shahada upande wa chini, sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiburuze vidole juu ya ngozi, huko ndiko kujichubua, wala usiminye chuchu yenyewe kwa sababu haitoi kitu. Kaa upande mmoja dakika 3 hadi 5 mpaka mtiririko upungue, hamia wa pili, kisha rudi tena. Yote huchukua dakika 20 hadi 30 mwanzoni.

Kuhifadhi: maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi joto 25, siku 4 ndani kabisa ya friji (mlangoni hapana, joto la pale hupanda kila mtu anapofungua), na kama wiki mbili kwenye kile kifriza kidogo kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja. Kwa kuwa kazini hakuna friji, nunua kibegi cha kutunza baridi na uweke chupa mbili za nusu lita za maji yaliyogandishwa usiku. Barafu ikigusana na vichupa na begi lisifunguliwe ovyo, maziwa hukaa hadi saa 24. Ukifika nyumbani yaingie friji moja kwa moja.

Mzunguko wake ni rahisi: ya Jumatatu yananyweka Jumanne, ya Ijumaa yanangoja Jumatatu. Akiba ya kifriza iguswe tu siku ikiharibika. Andika tarehe kwenye kila kichupa, vyote vikishaoshwa na kuchemshwa dakika 10.

Kupasha: tumbukiza kichupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Usiyaweke jikoni wala maikrowevu, joto lake halilingani na mtoto anaweza kuungua ulimi wakati chupa yenyewe haijapata moto. Yakijitenga mafuta juu na maji chini, ndivyo yalivyo. Zungusha kichupa taratibu. Mlezi asiyejua huona hivyo akasema yameharibika, kwa hiyo mwonyeshe mapema.

Kuhusu uji, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba kitabu cha mama na mtoto kinasema miezi sita, nawe unafuata kliniki. Sababu ni hii: uji mwepesi ni maji mengi na unga kidogo. Unajaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, na maziwa yako nayo yanapungua. Isitoshe, maji na chombo huleta kuhara. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kabla ya mwaka mmoja.

sheria_kazini

Nyongeza ya upande wa mwajiri, kwa sababu watu huacha haki mezani.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 29, inakupa miezi mitatu yenye mshahara kamili, na inasema wazi kwamba hupotezi likizo yako ya mwaka kwa kuwa ulienda ya uzazi. Likizo ya mwaka haipungui siku 21 za kazi baada ya miezi 12 ya utumishi. Kama hujaitumia, omba ifuate moja kwa moja baada ya ile ya uzazi. Hapo unapata karibu mwezi mzima zaidi, na mtoto anafika miezi minne. Omba leo, mwajiri akishapanga zamu itakuwa vigumu. Ukirudi, unarudi kwenye kazi yako ileile au inayokufaa yenye masharti yasiyo duni. Ilani ya maandishi ya siku saba hutolewa kabla ya kwenda likizo ya uzazi, ikitaja pia kurudi.

Kukamua kazini kuko kwenye Sheria ya Afya ya 2017, vifungu vya 71 na 72. Mwajiri anatakiwa kuwa na chumba cha kunyonyesha chenye mahali pa kunawa, friji au kitu cha kupoza, soketi, meza ndogo na viti. Choo hakihesabiki. Pia unastahili mapumziko ya kunyonyesha au kukamua mbali na yale ya chakula, jumla isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Angalia sana hapo: muda wa kutembea kwenda na kurudi umo ndani ya hiyo saa.

Usiende kwa msimamizi wa zamu kwa mdomo. Andika barua fupi kwa ofisi ya wafanyakazi: tarehe ya kurudi, saa unazoomba (mfano saa tatu na nusu na saa tisa na nusu, dakika 30 kila moja, nyingine ukiifanya wakati wa chakula), na pendekezo la mahali. Mnaweza kuanza na chumba cha kubadilishia nguo chenye komeo na kiti huku wakijipanga. Nakala mpe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Waajiri wengi hukubali wakiona saa zimeandikwa. Wanachoogopa ni mtu kutoweka kwenye laini bila kujulikana atarudi lini.

Ukiajiri msaidizi wa nyumbani, naye ni mwajiriwa kisheria: siku moja ya kupumzika kila wiki, likizo, NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya) na ushuru wa nyumba. Ingiza hizo kwenye hesabu kabla hujasema deikea ni ghali.

deikea_nyalenda

Naandika kutoka Kisumu lakini deikea ni zilezile. Nenda kuitazama bila kutoa taarifa, na uende kati ya saa nane na saa kumi mchana. Asubuhi kila mahali pamepigwa deki na watoto wamevaa safi. Mchana ndipo utaona nepi zilizolowa tangu saa ngapi.

Hesabu watoto wa chini ya mwaka mmoja kwa kila mlezi. Wakizidi watatu, mtoto wako atalishwa kwa haraka au ataachiwa chupa imeegemezwa kwenye nguo, na hiyo humpalia. Ukikuta wachanga wote wamelala fofofo kwa wakati mmoja na mlango ukigongwa hakuna anayeshtuka, uliza wanapewa nini. Kuna walezi wanaotumia dawa za mafua zenye usingizi. Usibishane nao, ondoka.

Tazama jiko liko wapi na kama lina kizuizi. Tazama karai na ndoo: mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Wachanga walazwe chali kwenye godoro gumu lisilo na mito. Kisumu tunaongeza chandarua hata kwa usingizi wa mchana.

Kuhusu kanda ya ziwa na magharibi, mama anayepanga ruhusa za kazini akumbuke kliniki si wiki ya 6, 10 na 14 pekee. Chanjo ya malaria huku huanza miezi 6, kisha 7, kisha 9 ambapo inaangukia pamoja na ya surua. Ziandikishe kazini mapema kama siku za ruhusa, la sivyo zinarukwa moja moja.

Karibu na kazi au karibu na nyumbani? Kama ni mwendo wa dakika tano, karibu na kazi inashinda, kwa sababu unanyonyesha saa ya chakula na kukamua kunapungua mara moja. Ikizidi dakika kumi faida imeisha: nusu ya mapumziko inaishia njiani, na mtoto umembeba kwenye matatu alfajiri kwenye baridi ya Nakuru bure.

mama_lanet

Asanteni sana. Deikea iliyo karibu zaidi na kiwanda ni mwendo wa dakika 15, kwa hiyo naona ni msaidizi. Sasa, mtoto anakataa chupa. Nikimpa mimi analia tu.

kliniki_ya_watoto

Anakataa kwa sababu wewe ndiye unayempa. Anakunusa, anajua cha asili kipo, kwa nini akubali plastiki? Ampe msaidizi au baba yake, nawe utoke nyumbani kabisa, si kujificha chumbani.

Wala si lazima iwe chupa. Kikombe kidogo kinafaa na kinaoshwa kwa urahisi kuliko chuchu ya mpira yenye mikunjo. Mtoto akae wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, kikombe kiinamishwe mpaka maziwa yafike mdomoni, kisha angoje. Mtoto atayalamba mwenyewe. Asimiminiwe, atapaliwa. Wajaribu akiwa na njaa kidogo, si akiwa amelia hadi amekasirika.

Wiki ya mwisho kabla ya kurudi, fanya mazoezi: ondoka saa mbili, kesho yake nne, kisha siku nzima. Ukiweza, siku ya kwanza kazini iwe Jumatano au Alhamisi ili wikendi ije haraka, uone kilichokwama.

Usishangae akinywa kidogo mchana na kukudai usiku kucha. Wengi hufanya hivyo wiki za kwanza. Kinachokuambia anashiba ni nepi sita au zaidi za mkojo kwa saa 24 na mstari wa uzito kwenye kitabu cha kliniki. Wewe nawe usiruke zamu ya kukamua: titi likikaa limejaa hutokea uvimbe mgumu, kisha homa. Uvimbe ukibaki zaidi ya siku moja au ukipata homa, nenda hospitali, na uendelee kunyonyesha titi hilohilo.

mwalimu_pp

Mmemsahau huyu wa miaka minne, na ndiye atakayeonyesha dalili kwanza. Kuanzia saa sita na nusu hadi saa kumi na moja ni saa nne na nusu. Msaidizi mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni hawezi kumfuata shuleni kila siku kwa bodaboda, wala asijaribu. Shule ikiwa mbali, tafuta mzazi jirani anayechukua wake na mpatane, kisha jina lake liandikwe shuleni kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua. Mwalimu asimwachilie kwa mtu aliyetumwa kwa simu.

Ukifika jioni mdogo atadai titi papo hapo. Mkubwa ameshinda akikungoja, na anachoona ni mgongo wako. Ndipo huanza kukojoa kitandani tena au kumfinya mtoto. Nyonyesha ukiwa umekaa mkekani, mkubwa ubavuni, akueleze ya shule au achore pale pale. Robo saa inatosha, simu ikiwa mbali. Kuoga na sare ya kesho ni kazi ya baba. Maharagwe yachemshwe Jumapili yagawanywe kwenye vibakuli, ili jioni ya Jumatatu isiwe vita na jiko.

Kwa lile swali lako la kama mtoto atakuzoea: mtoto huwazoea watu wachache kwa wakati mmoja bila kumwacha mama. Kinachomyumbisha ni walezi kubadilishwa badilishwa, hasa kuanzia miezi minane anapoanza kuogopa wageni. Kwa hiyo mlipe huyo msaidizi tarehe ileile kila mwezi, na akitaka kuondoka, mpya akae naye siku kadhaa nyumba moja kabla hajafunga mizigo. Na ukiondoka asubuhi muage mtoto, usitoroke kwa mlango wa nyuma.