Barua tatu kuhusu kivuko hazijajibiwa: tuandikeje ili tusikilizwe?

Mkazi wa Bondeni
Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, kivuko cha mtaro kilisombwa na maji ya masika, na tangu hapo watoto wa shule ya msingi wanavuka juu ya magogo mawili ya mnazi, mkubwa akimshikilia mdogo kwa mkanda wa begi. Nimeandika barua tatu kwa ofisi niliyodhani inahusika, ya kwanza ikiwa na kurasa nne zilizoeleza taka, maji, taa na kivuko, lakini sijapata jibu. Majirani wanataka niandike gazetini, nami nachelea kuitwa mchochezi. Mnanishauri nini?

Mstaafu wa Masjala
Marahaba. Barua ikifika masjala, karani huitafutia jalada kwa kusoma kichwa chake, kisha huipeleka kwa ofisa mwenye dhamana. Yenye mambo manne huzunguka meza hadi meza, kila mmoja akiona kwamba sehemu kubwa si yake. Nimeziona nyingi za namna hiyo, na iliniuma, kwa sababu walioziandika walikuwa na haki. Andika ukurasa mmoja: YAH: OMBI LA KUJENGEWA KIVUKO. Ombi likae aya ya kwanza, hali ya watoto aya ya pili. Peleka nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Bila hiyo utaambiwa barua haikufika, nawe hutakuwa na la kujibu.

Binti wa Kariakoo
Naongeza kwa ya mzee. Hakikisha kwanza mtaro ni wa nani, kwa kuwa tangu 2017 barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na barabara kuu ni za TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania). Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, jambo lijadiliwe mkutanoni, muhtasari uambatanishwe na barua, na nakala aipate diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Pia unaweza kuuliza kwa maandishi kama kivuko kimo katika mpango wa mwaka huu: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la taarifa ndani ya siku 30.

Msomaji wa Zamani
Uchochezi haumo hapo, ndugu yangu. Ibara ya 18 ya Katiba inalinda uhuru wa maoni, na ya 21 haki ya kushiriki katika maamuzi yanayokuhusu. Wazee wetu waliandika katika gazeti la *Mambo Leo* tangu miaka ya 1920, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, mwakilishi wa Wameru, alifikisha malalamiko yao ya ardhi hadi Umoja wa Mataifa, New York. Gazetini lakini usinakili barua ya ofisini: msomaji wa Mbagala hajui jalada lako, anamjua mtoto anayevuka gogo lenye utelezi. Anza na huyo, taja tarehe za barua zako, usimtukane ofisa yeyote.

Mkazi wa Bondeni
Nashukuru sana. Jumatatu naenda kwa mwenyekiti, na la gazeti litasubiri muhuri. Mzee, picha ya magogo niibandike ndani ya barua?

Mstaafu wa Masjala
Iwe kiambatisho, na nyuma yake uandike mahali na tarehe ilipopigwa.