Nani kawaambia watangazaji wetu kuwa watazamaji wa YouTube ndiyo mauzo?

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa wadada wa Kikorea, hii ni kero nyingine kabisa.

Kuna kipindi cha jioni kwenye redio moja hapa Kigoma mjini, siitaji. Wiki hii wanashindanisha makundi ya wasichana: BLACKPINK wa Korea, Spice Girls wa Uingereza, Destiny's Child na TLC wa Marekani. Nani kauza zaidi? Nikakaa mkao wa kula. Jamaa akafungua simu yake, akasoma watazamaji wa YouTube, akawapa BLACKPINK ubingwa wa mauzo wa muda wote. Kesi imefungwa, zikafuata salamu za Ujiji na Mwandiga.

Hivi hii nayo ni kazi ya kulipwa? YouTube imeanza 2005, mwaka uleule Destiny's Child walipotangaza kuachana. Spice Girls walikuwa wameshatamba na kupotea. Unawapimaje kwa kitu ambacho hakikuwepo? Wale waliuza CD na kaseti, mtu anatoa hela mfukoni. Albamu ya kwanza ya Spice Girls, ya 1996, ilivuka nakala milioni 20 duniani. CrazySexyCool ya TLC ilipita milioni 10 Marekani peke yake. Hata RIAA, wanaotoa vyeti vya mauzo huko Marekani, mwaka 2016 waliamua nyimbo za albamu zisikilizwe mara 1,500 mtandaoni ndipo wahesabu albamu moja. Wewe unabeba namba mbichi!

Na sina bifu na BLACKPINK. Born Pink ya 2022 ilikaa namba moja Billboard 200, ile chati ya albamu ya Marekani, hakuna kundi la wasichana wa Korea lililokuwa limefika pale. Hoja ya maana hiyo, na hakuigusa.

Kilichonichefua zaidi ni mama mmoja aliyepiga simu. Kauliza kwa upole, "Mwanangu, na zile kanda tulizonunua Mwanga sokoni, zilihesabiwa wapi?" Dogo kacheka, "Mama, hayo ya kale," akakata. Swali lile lilizidi kipindi kizima! Kanda zetu zilikuwa za kudurufu, jina limeandikwa kwa peni na limekosewa, upande wa pili wamekujazia Koffi ili nafasi isipotee. Hakuna senti iliyofika London wala Houston. Leo vijana wanajaziwa nyimbo kwenye memori kadi vibandani, na YouTube haiwaoni. Kwa hiyo huku Mwisho wa Reli hatukuhesabiwa zamani na hatuhesabiwi sasa, halafu unamcheka mama wa watu.

Halafu mafanikio ya nani? TLC walitangaza kufilisika 1995, albamu yao ikiwa bado inauzika kweli kweli. Kampuni inavuna, wenye sauti wanadaiwa. Hapo pangejaza wiki nzima, wao wakaweka tangazo la magodoro.

Sisi tumebishana Kiba na Mondi, wote asili yao hukuhuku, mpaka watu wakanuniana misibani. Ubishi wa hoja tunaujua, msitudanganye.

Nimewaandikia kwenye ukurasa wao, wamenijibu kikatuni cha kucheka. Kesho wameahidi TWICE na Girls Aloud. Hao Girls Aloud wimbo wao wa kwanza ulishika namba moja Uingereza Desemba 2002. Nishajua jamaa atafungua nini.